Wageni Walioagwa Kabla ya Wali

Sauti ya mwisho katika rekodi ile si ya mwimbaji. Ni ya kikombe cha chai kikiwekwa juu ya sinia la mbao, taratibu, na mtu ambaye hana nia ya kukishika tena. Ngoan aliisikia kwenye vipokea sauti masikioni mwake, akiwa amechutama ukumbini kwa mama yake, kidole kikiwa juu ya mashine, na jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa furaha. Furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuionea haya kuliko yote.

Siku hiyo kijiji cha Dâu Hạ kilikuwa kimeamkia manyunyu ya mwezi wa kwanza, yale yasiyomlowesha mtu ila humkaa nyweleni kama unga. Bi Hợi, mama yake Ngoan, alikuwa amefagia ua mara mbili. Yeye na Bi Luyến, mwenzake wa kuimba tangu usichana wao, walikuwa wakiwangoja wageni kutoka Bến Trầm, ng'ambo ya mto. Vijiji hivyo viwili viliapiana udugu wa nyimbo zamani mno. Wanawake wa upande huu huimba wawili wawili, mmoja akiongoza na wa pili akimfuata kwa karibu hata sauti mbili ziwe moja, na wanaume wa upande ule huwajibu vivyo hivyo, lahani kwa lahani. Na kwa kuwa wamekuwa ndugu, hawaoani. Jambo hilo la kutooana watu hulitaja huku wakicheka, ingawa si wote wanaocheka kwa dhati.

Wageni wenyewe walikuwa Mzee Khoát na Mzee Tạo. Walikuwa hawajavuka mto kwa miaka, tangu kifua cha Mzee Khoát kilipoanza kumsumbua. Mwaka huu aliwapelekea salamu kwamba anakuja. Hakueleza kwa nini iwe mwaka huu, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mambo haya yana mpango wake. Hutangulia tambuu na wimbo wa kuikaribisha. Hufuata nyimbo nzito za mwendo wa pole, kisha chakula, kisha nyimbo za utani. Mwisho wa yote, jua likiwa limekwisha kuinama, huja wimbo wa kuagana, na huo haugusiwi kabla ya wakati wake. Ukiisha kuimbwa, mgeni huinuka akaenda. Hata kama chungu kinachemka jikoni, huinuka. Mwenyeji naye hasemi "ngojeni", kwa sababu kinywa chake mwenyewe kimekwisha kuaga. Mtoto wa Dâu Hạ hulijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake.

Ngoan alilijua. Hapo ndipo palipomchoma baadaye, maana mjinga husamehewa. Yeye alikuwa mwalimu wa muziki huko Hanoi, mtu aliyeandika kurasa kwa kurasa juu ya desturi hii hii. Lakini alikuwa pia ameishi miaka miwili Uswidi, nyumbani kwa Gunnel, mwanamke mpiga fidla mwenye nywele nyeupe na vidole vigumu kama vya seremala. Gunnel alimpeleka siku moja kwenye nyumba zinakohifadhiwa sauti za kale, akamfungulia droo moja baada ya nyingine. Ndani mlikuwa na wanawake waliokuwa wakiwaita ng'ombe kutoka milimani kwa sauti nyembamba, kali, ya kupasua mawingu. Katika bonde lake lote, Gunnel alisema, hakuna tena awezaye kuita hivyo. "Wote hawa sasa ni droo," alisema, akaifunga. Ngoan alirudi kwao na hofu ambayo haikumtoka tena. Kila alipomsikia mzee akiimba, aliisikia na droo ikifungwa.

Na wimbo wa kuagana wa Mzee Khoát haukuwa na mwingine. Lahani yake waliirithi wanne hao peke yao, na haikupata kunaswa na mashine yoyote. Ndiyo maana Ngoan alikuja na vyombo vyake, na ndiyo maana Gunnel, aliyekuja kufanya naye kazi ya kuhifadhi nyimbo za nchi zao mbili, alikuwa ameketi pembeni ya ukumbi na fidla yake ndani ya sanduku.

Wageni waliingia na vilemba vyao vyeusi na mwavuli mmoja kwa wawili.

"Dada zetu, mtusamehe sisi wadogo zenu kwa kuchelewa," alisema Mzee Tạo. Adabu ya waimbaji ndiyo hiyo: hata uwe na mvi za kufagilia, mwenzako ni dada na wewe ni mdogo wake. "Huyu mwenzangu kila akipita penye mti anasimama. Eti anausalimia."

"Muache," alisema Bi Luyến. "Miti ya Bến Trầm imekula chumvi nyingi. Lazima iamkiwe."

Mzee Khoát alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Bi Hợi akamsogezea chai bila kumtazama usoni. Tambuu ikaletwa, imekunjwa kwa umbo la mbawa za ndege, popoo na chokaa ndani yake. Mabibi wakaimba wimbo wa kukaribisha. Wazee wakaanza kujibu, lakini katikati ya ubeti wa kwanza pumzi ya Mzee Khoát ikakatika. Akaiunga, ikakatika tena.

Ngoan alimtazama yule mzee kifua kikipanda na kushuka chini ya joho, akatazama na jikoni, ambako kuku alikuwa bado hajaiva. Akapiga hesabu yake. Huyu hafiki jioni, alijiambia. Chakula kikitua tumboni, amekwisha. Akasogea mbele kwa magoti, kwa heshima zote, akasema:

"Baba mkubwa, samahani sana. Kabla hamjachoka, naomba ule wa kuagana. Kidogo tu, kwa ajili ya mashine."

Kisu cha Bi Luyến kilisimama juu ya popoo. Mzee Khoát hakumtazama Ngoan hata kidogo. Alimtazama Bi Hợi. Lilikuwa swali, na kila aliyekuwa mle ndani alilielewa isipokuwa yule mgeni wa Uswidi. *Ni wewe unayetuaga, dada?*

Bi Hợi angejibu nini? Kumkana binti yake mbele ya wageni ni kumvua nguo hadharani. Kukubali ni kuwafukuza wageni. Aliinamisha macho akayaweka kwenye sinia.

Ngoan aliliona swali lile, akauona na ukimya wa mama yake, na akajua jinsi mzee atakavyouelewa. Maneno matatu tu yangetosha: *si mama, mimi*. Lakini taa nyekundu ya mashine ilikuwa imekwisha kuwaka. Ngoan aliibana pumzi yake, sauti yake isije ikaharibu rekodi.

Basi Mzee Khoát akaimba. Haikujulikana pumzi ile aliikopa wapi. Sauti yake ilitoka imechakaa pembeni lakini nzima katikati, na Mzee Tạo aliishika kwa chini, akiibeba kila ilipotaka kuanguka. Mabibi wakajibu ilivyowapasa. Bi Hợi aliongoza, macho bado kwenye sinia, na sauti yake haikutetemeka hata mahali pamoja. Labda hilo ndilo lililoumiza zaidi. Beti zote ziliimbwa. Hakuna aliyefanya "kidogo tu". Halafu Mzee Khoát alilowesha koo kwa funda moja la chai, akakiweka kikombe.

"Dada zetu, mmetukirimu vya kutosha," alisema. "Wadogo zenu tunaomba njia."

Mzee Tạo aligeuza pua kuelekea jikoni, palipoanza kunukia kuku na majani ya ndimu, kisha akamtazama mwenzake, akafunga kilemba chake vizuri. Bi Hợi aliwasindikiza hadi langoni akiwa ameushika mwavuli wao. Akaukabidhi, akasimama palepale mpaka vilemba viwili vikazama nyuma ya tuta la mto.

"Mbona wanaondoka?" Gunnel aliuliza kwa lugha yake. "Kuna nini?"

"Wamechoka," alisema Ngoan. "Yule mzee ana kifua."

Ulikuwa ukweli, na hakuna uongo ulio mbaya kama ule unaovaa nguo za ukweli.

Bi Hợi alipakua chakula kama kwamba watu wote wapo. Kuku mzima, wali wa kunata, mikate ya mchele iliyotiwa majani. Bakuli za wageni zilikaa mahali pake, tupu.

"Mama," alianza Ngoan, "ulimwona anavyokohoa. Ningengoja, wimbo ungepotea."

"Haukupotea. Umeupata. Umenaswa vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umenasa jinsi wageni wanavyofukuzwa kwa Hợi. Uutunze."

Bi Luyến hakuwa na upole huo. "Hebu niambie, mwanangu," alisema, akichomoa kijifupa mdomoni, "huko Hanoi watu huzikwa kwanza ndipo wakafa?"

Ngoan aliinamia bakuli lake. Alitaka kulia, akaona kwamba hata kulia kungekuwa kuomba kuhurumiwa, akaacha.

Alasiri ilikuja na fedheha nyingine. Gunnel alikuwa na masikio yasiyoachia kitu; lahani aliyoisikia asubuhi ilikuwa imekwisha kukaa vidoleni mwake. Alitoka barazani, akaitoa fidla, na bila ya kujua lolote, kwa mapenzi matupu, akaupiga wimbo wa kuagana. Ulitoka mzuri. Bi Hợi aliyekuwa akiosha vyombo aliacha mikono ndani ya maji. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Bi Hợi! Nani tena anaondoka huko kwako?"

Ngoan alitoka mbio. "Acha! Tafadhali, acha!"

Gunnel alishusha upinde. Uso ulikuwa umemwiva. "Nimekosea lahani?"

"Hujakosea."

"Basi niambie. Unajua kwetu siwezi kupiga wimbo kabla ya kusema nimeupata kwa nani, na yeye aliupata vipi. Huu nitausemeaje?"

Gunnel aliketi kwenye ngazi, akaiweka fidla magotini.

"Kuna wimbo mmoja bondeni kwetu unaokatika katikati," alisema. "Mkusanyaji alikuja na mashine yake ya zamani, akamshurutisha bibi mmoja aimbe huku uji wake uko motoni. Uji ukaanza kuungua, bibi akakimbilia jikoni, hakurudi. Mpaka leo tunaupiga hivyo hivyo, umekatika, na kila anayeupiga husimulia habari ya uji."

"Na mkusanyaji? Jina lake hutajwa?"

"Kila mara," alisema Gunnel.

Asubuhi iliyofuata Ngoan alikunja tambuu kwa mkono wake mwenyewe, akaiacha mashine ndani ya mkoba, akapanda kivuko. Mama yake alimwona akitoka wala hakumuuliza aendako.

Mke wa Mzee Khoát, Bi Vượng, alikuwa uani akiwamwagia bata pumba. Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Umekuja kuchukua na kikohozi?" aliuliza. "Maana wimbo ulikwisha kuuchukua."

"Nimekuja kuomba radhi, mama mkubwa."

"Ingia basi. Yumo. Jana alirudi na njaa kama mbwa wa hekaluni, akakataa kula."

Mzee Khoát alikuwa amejiviringisha blanketi karibu na dirisha. Ngoan alipiga magoti, na hotuba nzima aliyoitunga ndani ya kivuko ikamponyoka.

"Baba mkubwa, hakuwa mama. Ni mimi. Mama hakujua."

"Mimi nilidhani Dada Hợi amenihurumia," alisema mzee. "Nikasema, ameona sifiki jioni, ananifungulia mlango nitoke na heshima yangu. Nikamshukuru. Halafu kwenye kivuko nikaona uchungu. Basi nikawa namshukuru na kumwonea uchungu, namshukuru na kumwonea uchungu, mpaka huyu mke wangu akaniambia nigeuke ukutani nimwache alale."

"Angekoroma kama si hivyo," alisema Bi Vượng mlangoni.

Ngoan angeweza kuishia hapo. Mzee alikuwa amekwisha kulainika, na radhi ilikuwa karibu. Lakini lilibaki lile lenyewe.

"Ulipomtazama mama, niliona," alisema. "Nilijua utakavyoelewa. Ningeweza kusema. Nilinyamaza kwa sababu mashine ilikuwa inasikiliza."

Nje bata waligombana, wakanyamaza.

"Hilo usingenieleza, nisingelijua kamwe," alisema Mzee Khoát.

"Najua."

Uso wa Ngoan ulikuwa unawaka, na hapakuwa na mahali pa kuuficha. Alisogeza tambuu mbele kwa mikono miwili. Mzee aliipokea, akaigeuza huku na huku.

"Huyu ni ndege au chura?"

"Ni mbawa, baba mkubwa."

"Mama yako alikufundisha hivi?"

"Alinifundisha vizuri. Mimi ndiye sikukaa nikajifunza."

Mzee alitoa leso, akaifunga tambuu ndani yake, akaitia mfukoni bila ya kuitafuna. "Tambuu ya mwenyeji huliwa kwa mwenyeji," alisema, akageukia dirisha. Ngoan hakujua kama hiyo ilikuwa ahadi, au ni ile adabu yao ambayo hukataa bila ya kutamka hapana. Alivuka mto akiliwaza hilo na hakulitatua.

Alipofika alimsimulia mama yake yote, na lile la mashine pia. Bi Hợi alisikiliza huku anachambua mchele. Alipomaliza kuchambua aliinuka, akatoka uani, akamkamata kuku mwingine.

Mwavuli mweusi ulionekana juu ya tuta mchana ukiwa umeanza kuchoka. Wawili walikuja chini yake, polepole, wakisimama kila penye mti. Bi Luyến aliyeitwa mbiombio alifika akiwa bado anafunga ukaya wake kichwani. Hakuna aliyetaja jana. Tambuu mpya ikatolewa, lakini Mzee Khoát alichomoa leso yake, akamtafuna yule chura mbele ya watu wote, uso umetulia kama wa mtu anayekula tunu.

Hakuwa na pumzi ya kuimba. Pumzi yake ya mwaka mzima alikuwa ameimaliza jana, na Ngoan alijua imo wapi: imo ndani ya mkoba, kwenye mashine, safi kabisa. Mabibi waliimba, na Mzee Tạo akawajibu peke yake. Lakini kwa kuwa mtu haimbi peke yake, Mzee Khoát aliketi bega kwa bega naye na kuchezesha midomo bila ya sauti, neno kwa neno, ili wawe wawili. Bi Hợi aliitazama midomo ile, na safari hii hakuyainamisha macho. Wakala. Wakaimba za utani. Bi Luyến aliwatukana kwa mashairi, wakacheka hata chai ikamwagika.

Kisha mwanga ukaanza kupungua ukutani, na kimya kikaja, kile cha saa ya kuagana. Watu walitazamana. Mzee Tạo alijikuna chini ya kilemba.

"Sasa, dada zetu, kuna mashaka," alisema. "Tutaondokaje? Wa kuagana tuliumaliza jana. Na mtu haagwi mara mbili."

Hakuna aliyepata kuona jambo kama hilo.

"Tusipoondoka tutawachosha," alisema Mzee Khoát kwa sauti yake ndogo iliyobaki. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Bi Hợi alimmiminia chai. Alikijaza kikombe mpaka ukingoni, akakisukuma kuelekea mkononi mwake.

"Majembe yapo," alisema. "Kaeni."

Wote walicheka, hata jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ua. Ngoan alikuwa amesimama mlangoni na sinia la bakuli chafu, na hakuweza kucheka. Gunnel alimvuta mkono wa nguo.

"Wamesema nini?" alinong'ona.

Ngoan aliliweka sinia chini, akachutama karibu naye, akamfasiria. Hakuanzia kwenye majembe. Alianzia jana, na alianza kwa kutaja jina lake mwenyewe.